Kwenu Kabisa Wapi?

Kama umeoa au kuolewa ndani ya jamii ya Waswahili wa Birmingham katika miaka ishirini iliyopita, basi yawezekana sana Mwanasiti analijua jina la bibi yako mzaa baba. Usishtuke. Hakukupeleleza kwa ubaya. Posa ilipokuja, wazee wa upande wa pili walimpigia simu, naye akachukua daftari lake jekundu, akavaa baibui, akapanda basi kutoka Newtown kwenda kuuliza.

Mimi ni Kerubo, Mkisii wa Nyamira, na nimefanya kazi na mwanamke huyu miaka kumi na mmoja katika nyumba ya wazee iliyo nyuma ya maduka ya Northfield. Mimi ni kiongozi wa zamu. Yeye ni mhudumu wa kawaida, kwa sababu kila alipoambiwa aombe cheo alijibu kuwa cheo kina karatasi nyingi mno. Kwa hiyo kwenye makaratasi mimi ni mkubwa wake. Kwa mengine yote, wacha niseme ukweli, yeye ndiye anayenitawala.

Alizaliwa Kikwajuni, Unguja, mtoto wa tano wa fundi cherehani. Alifika hapa mwaka 1999 kumfuata mumewe, Maulid, aliyekuwa dereva wa basi mpaka mgongo ulipomstaafisha. Wamemlea binti mmoja, Zainab, ambaye mama akimsemesha kwa Kiswahili anajibu kwa Kiingereza, na wanagombana hivyo hivyo bila kupoteana hata neno. Mwanasiti ni mfupi, mnene kiasi, na viatu vyake vya kazi ni vyeupe kuliko vya mtu yeyote. Hajui kunong'ona. Ukimpa siri kwenye chumba cha dawa, mpishi anaipata jikoni.

Kazi ya kuchunguza posa aliirithi kwa shangazi yake. Kwao, kijana akileta posa, upande wa msichana haujibu siku hiyo. Hutumwa mtu mzima aulize: huyu ni nani, kwao wapi, mama yake ametoka kwa nani. Mwanasiti ana taratibu zake. Hasikilizi kijana anavyojisifu, na gari na suti hazitazami kabisa. Anauliza mambo madogo ya nyumbani: bibi yenu mlimwitaje, mlipolia mlibembelezwa na nani, nyumba ya pili kulia kwenu ilikuwa ya nani. Swali la kwanza analitoa huku anatabasamu: "Kwenu kabisa wapi?" Ukimjibu Birmingham, anasubiri. Ukimjibu Dar es Salaam, anasubiri tena. Akimaliza uchunguzi, anaandika chini ya ukurasa neno moja: "Waoane", au "Wasioane". Anasema yupo kijana aliyedai kuwa wa ukoo fulani wa Wete, akaulizwa maswali matatu, akaomba kwenda chooni na hajaonekana Birmingham mpaka leo. Hapo nadhani anatia chumvi, lakini kijana mwenyewe simjui, siwezi kubisha.

Nimeeleza yote hayo ili uelewe kilichompata siku alipofika Mzee Kanagasabai.

Mzee huyu na mkewe, Bibi Rasamma, waliletwa kwetu pamoja kutoka Kingstanding. Walikuwa wameoana miaka hamsini na miwili, hawakujaaliwa mtoto. Bibi alipigwa na kiharusi kikamchukua mguu mmoja na maneno yote. Tangu hapo hakutamka neno, alikuwa na sauti moja tu ya kooni. Mzee alikuwa na ugonjwa wa kusahau. Ugonjwa ule ulimla Kiingereza chake kutoka mwisho kwenda mwanzo, kama inavyotokea kwa wengi, mpaka ikabaki lugha ya mama yake peke yake. Bibi alikaa chumba cha chini, mzee ghorofa ya kwanza. Kila siku saa nane mchana tuliwakutanisha kwenye dirisha la sebuleni. Mzee anamshika mkono anaongea, bibi anasikiliza. Kwa saa hiyo moja alikuwa mtu mtulivu kabisa.

Saa zilizobaki alikuwa vitani. Miguu yake haikumbeba tena, kwa hiyo mara sita kwa siku tulipaswa kumnyanyua kwa ile mashine yenye mkono mrefu na kitambaa cha kubebea, sisi tunaiita hoisti. Na mara sita kwa siku alirusha ngumi. Mimi alinivunja miwani. Mwingine alimkwaruza shingo mpaka damu.

Siku ya kwanza Mwanasiti alijipeleka mwenyewe mbele. "Mhindi huyo? Niachieni mie, nimekua nao."

Na kweli amekua nao. Lakini kwao Unguja kila mtu aliyetoka upande ule ni Mhindi, anatiwa kapu moja na wenzake. Majirani wa Mwanasiti walikuwa Wagujarati, na salamu yao anaijua tangu utotoni. Akainama, akatabasamu kwa meno yote, akasema, "Kemcho, kaka?"

Mzee akamtazama polepole, kisha akageuza uso ukutani. Mwanasiti akadhani hakusikia, akarudia kwa sauti kubwa. Mzee akaziba masikio.

Akaletwa Harjit, mpishi wetu, Mpunjabi, mtu mwema asiye na haraka. Akamsemesha kwa Kipunjabi, akajaribu na Kihindi. Mzee akakirusha kikombe cha chai. Tukaagiza mkalimani, akaja kijana wa Kihindi, akakaa dakika kumi akaondoka amejikunja. Aliyejaza ile fomu ya mkalimani ni mimi. Palipoandikwa lugha niliona jina refu na ngozi nyeusi, nikaandika Kihindi bila hata kufungua faili. Nalisema wazi kwa sababu bado linaniudhi. Tukajaribu na simu pia, ile inayotafsiri yenyewe, lakini mzee aliiogopa sauti isiyo na mtu, akawa anaisukuma.

Mwanasiti ndiye aliyefungua faili. Mzee alizaliwa Jaffna, kaskazini ya Sri Lanka. Mwalimu wa lugha ya Kitamil, miaka thelathini na nne. Mkewe, mwalimu wa watoto wadogo. Lugha: Kitamil.

Alikuja kwangu na faili mkononi, uso umemshuka. "Kerubo mwanangu, nimemkosea mtu nasaba. Mie! Mtu kafundisha lugha yake umri mzima, naenda kumpa salamu ya jirani."

"Mama Zainab, usini-stress. Hata mimi sikujua."

"Wewe si kazi yako kujua. Mie ndo kazi yangu."

Mchana ule hakula. Nami nilijua kwa nini ilimchoma hivyo. Kila mwezi hakosi mtu hapa wa kumwuliza kama Kiswahili ni Kiarabu. Mjukuu wa mkazi mmoja aliwahi kumwambia, kwa upole kabisa, kwamba amesoma ni Kiarabu kilichovunjika. Mwanasiti alimkalisha chini nusu saa. Mimi mwenyewe shuleni niliandika kwenye mtihani kuwa Kiswahili ni Kibantu, nikapata alama yangu, lakini moyoni sikuamini hata kidogo. Nilikuwa nikisikia "salaam" na "asubuhi", naona Uarabuni. Mwanasiti aliponigundua, aliniambia nihesabu Kikisii.

"Ibere, isato, inye," nikasema.

"Mbili, tatu, nne," akajibu, akapiga meza. "Hapo ndo kwetu mie na wewe. Sita na saba na tisa tumeziazima kwa Waarabu, kama watu wanavoazima sufuria za harusi. Harusi yetu, sufuria zao."

Tangu siku hiyo akitaka kunitania ananiita binamu.

Basi, mambo yalizidi kuharibika. Mwezi wa tano meneja wetu, Ronald, aliniita ofisini. Ripoti za ngumi zilizomwumiza mtu zilikuwa zimefika kumi na tisa. Afisa wa ustawi wa jamii atakuja Ijumaa ya wiki ya tatu kuanzia siku hiyo. Akikuta mzee bado anapiga watu, atahamishiwa nyumba maalumu ya wakorofi, karibu na Stoke.

"Na mkewe?" nikauliza.

"Mkewe hana shida. Atabaki hapa."

Ronald si mtu mbaya. Alilisema huku anatazama kalamu yake. Nilitoka pale nikamkuta Mwanasiti kwenye korido na shuka mikononi, na kwa kuwa mlango wa ofisi ni mwembamba, sikuhitaji kumweleza kitu.

"Hawatenganishwi," akasema. "Posa hii mie nshaipitisha."

Safari hii fomu niliijaza vizuri, na mkalimani wa Kitamil akaja: mama mmoja wa makamo, mwenye koti la kijani, aliyekuwa na saa moja tu ya kukaa nasi. Alipofungua mdomo, Mzee Kanagasabai aligeuka kutoka ukutani. Alizungumza, akalia, akazungumza tena. Mwishoni yule mama akatupa muhtasari. "Anasema mnamkamata ghafla kama wezi. Amekaa zake, mara yuko hewani. Hajui lini mtamvamia."

Nilikasirika. Mimi, ghafla? Nimefundisha wahudumu zaidi ya arobaini, na jambo la kwanza ninalowafundisha ni kwamba mtu hanyanyuliwi kimyakimya. "Si tunacount kila saa!" nikamwambia Mwanasiti kwa Kiswahili, kisha nikamgeukia mkalimani kwa Kiingereza. "Andika hapo kwamba wahudumu huhesabu kabla ya kila tendo. Moja, mbili, tatu. Kila mara." Yule mama akaandika. Nikaridhika na karatasi yangu.

Alipokuwa anafunga vifungo vya koti, Mwanasiti alimzuia mlangoni na daftari jekundu. Kwa Kiingereza chake kisichoomba radhi kwa mtu akamwuliza kuhusu Kitamil kama anavyouliza kuhusu muoaji: kwao kabisa wapi? Mama yake nani? Ndugu zake wako wapi?

Mkalimani akacheka, akaweka mkoba chini. Alisema ana miaka kumi na mitano katika kazi hii, na hakuna aliyewahi kumwuliza. Wengi huja na jibu mkononi: kwamba Kitamil ni mtoto wa Kisanskriti, kama Kihindi. Sivyo. Kimeazima maneno huko, sana tu, lakini mifupa yake ni ya ukoo mwingine, ukoo wa Kidravidi. Dada zake wa karibu wako kusini ya India: Kimalayalam aliyezaliwa naye karibu, Kikannada, na Kitelugu. Kitamil kimeandikwa zaidi ya miaka elfu mbili. Mama yao wote aliishi wapi hasa, wataalamu bado wanagombana. "Na kuna ndugu mmoja wa ajabu," akasema, "yuko peke yake mbali kaskazini, kwenye milima ya Balochistan, Pakistan. Kinaitwa Kibrahui. Wengine wanasema aliachwa huko wenzake walipoondoka. Wengine wanasema ndiye aliyehama. Hakuna mwenye hakika."

Mwanasiti alikuwa anaandika kama karani wa mahakama. "Sasa nipe maneno. Usinipe ya dini wala ya sokoni, hayo watu huazimana. Nipe jicho, maji, jiwe. Na nihesabie."

Akapewa. Jicho ni kan, jiwe ni kal, maji kwa lugha ya vitabuni ni nir. Onru, irandu, munru, nangu, aindu, mpaka kumi. Akayaandika kwa herufi kubwa, akaandika juu yake: KANAGASABAI, UPANDE WA MAMA.

Wiki mbili zilizofuata alimsumbua kila aliyepita. Harjit alipoulizwa akasema kwao maji ni pani, mbili ni do, tatu ni tin. Mwanasiti akalinganisha, akatikisa kichwa. "Jirani tu, si ndugu." Harjit akaongeza kuwa aliwahi kusoma mahali kwamba Kipunjabi ni binamu wa mbali wa Kiingereza, ndiyo maana do na tin zinaelekea kufanana na za Waingereza. Ikaonekana kwamba kwa lugha, meneja Ronald yuko karibu zaidi na Harjit kuliko Harjit alivyo karibu na Mzee Kanagasabai. Harjit alilifurahia jambo hilo mno, akawa anamwongezea Ronald viazi.

Lakini ngumi ziliendelea. Ripoti ya ishirini, ya ishirini na moja, ya ishirini na mbili. Mwanasiti alianza kumsalimia mzee kwa neno moja moja la Kitamil, naye alikuwa anatulia kidogo, anamwangalia. Tukimtia kitambaa na kuinua mkono wa hoisti, vita vinarudi palepale. Ikafika Alhamisi, afisa anakuja kesho, na mimi nilikuwa nimekata tamaa. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta basi la kwenda Stoke ili nijue Bibi Rasamma angesafiri saa ngapi kwenda kumwona mumewe. Mabasi mawili na treni. Kwa kiti cha magurudumu, mwanamke asiyeweza kusema anashuka wapi. Nililia chooni, nikanawa uso, nikarudi kazini.

Alhamisi hiyo mchana, mzee alikuwa amekaa kwenye kiti, kitambaa kimeshapita chini yake, mimi nimeshika rimoti ya hoisti namngoja Mwanasiti. Yeye alikuwa mlangoni anapokea shuka kutoka kwa dereva wa gari la dobi, bwana mmoja mwenye ndevu nyeupe aitwaye Shahwani. Miaka mitatu wamesalimiana kwa salamu ya Kiislamu tu, na sote tulimjua kuwa ni Mpakistani, basi. Naye alikuwa katika kapu lake.

Nikamsikia Mwanasiti anavuta pumzi. "Kaka Shahwani, niwie radhi. Kwenu kabisa wapi?"

"Pakistan, dada."

Akasubiri.

"Balochistan."

Akasubiri. Nikaona mkono wake unashuka mfukoni.

"Kalat, huko milimani. Lakini sisi si Wabaluchi hasa. Nyumbani tunasema Kibrahui."

Mwanasiti akaangusha foronya. "Ya Rabi," akasema kwa sauti iliyofika jikoni, "mjomba!"

"Mama Zainab," nikamwambia, "tunamnyanyua mzee."

"Subiri, Kerubo. Subiri kidogo, ndugu wamekutana." Daftari lilikuwa limeshafunguka. Akamwuliza Shahwani jicho. Khan, akasema yule bwana. Mwanasiti akamsomea: kan. Jiwe? Khal. Kal! Maji? Dir. Nir! Shahwani akaweka magunia ya shuka chini, akaingia ndani hatua moja, akamtazama Mzee Kanagasabai kama mtu anayetafuta sura ya nduguye kwenye uso wa mgeni.

"Tuhesabu," akasema Mwanasiti. "Onru."

"Asit."

"Hapo mmepoteana. Irandu."

"Irat!"

"Munru!"

"Musit!" Shahwani akapiga makofi.

Mimi sikuwa nawatazama wao. Nilikuwa namtazama mzee. Mwanasiti aliposema onru, alinyanyua kichwa. Irandu, akakunja mikono miwili kifuani, kidevu akakileta chini. Munru, akavuta pumzi na kujisogeza mbele, vilevile hasa kama ilivyochorwa kwenye kitabu cha mafunzo, jambo tulilokuwa tunalitafuta kwake kwa miezi mitano. Akangoja hivyo, amefumba macho. Hakuna aliyemnyanyua. Akafumbua jicho moja, akanitazama kwa hasira ya mwalimu ambaye darasa lake zima halikufanya zoezi.

Tulikuwa tunahesabu, ndiyo. Kila mara, kwa sauti, kwa utaratibu. Kwa Kiingereza, kwa mtu ambaye Kiingereza kilishamtoka kichwani. Kwake ilikuwa makelele matatu halafu anavamiwa. Aliyasema hayo yote kwa mkalimani, na mimi nikajibu kwa karatasi.

"Mama Zainab," nikasema, "rudia. Rudia, mimi nabonyeza."

Alirudia. Mzee alipaa kama abiria aliyelipa nauli yake, akatua kitandani, akarekebisha kola. Hakukuwa na ngumi. Mwanasiti akakaa kwenye kiti kilichobaki wazi, akacheka, halafu akaanza kulia, daftari kifuani. "Wiki mbili, Kerubo. Wiki mbili namba zimelala humu mfukoni mwangu, mie nazitafutia ndugu tu."

Kabla ya kuondoka, Shahwani aliulizwa na nne. Akasema char. "Hiyo si yetu, tuliichukua kwa Waajemi. Zetu zilizobaki ni tatu." Mwanasiti akamwambia zimetosha.

Ijumaa, afisa alikuja na jalada lake, mwanamke mrefu mpole, akasimama pembeni ya kitanda pamoja na Ronald. Ilikuwa inakaribia saa nane. Mwanasiti alikuwa amemleta Bibi Rasamma juu kwa lifti na kukiweka kiti chake mlangoni. Nilipomwuliza kwa nini, alisema posa haipitishwi bila wenyewe kuwepo. Yeye alishika kitambaa, mimi rimoti, na kwa kuwa mimi ndiye kiongozi wa zamu, kuhesabu kulikuwa kwangu. Nilikuwa nimefanya mazoezi ndani ya basi mpaka abiria mwenzangu akahama kiti.

"Onru," nikasema.

Mzee akanyanyua kidole. Akalitamka mwenyewe, taratibu. Nikarudia. Akatikisa kichwa. Nikarudia tena.

"Kuna kitu kinamsumbua?" afisa akauliza.

"Hapana," nikajibu. "Ananifundisha."

Mara ya tatu akaridhika, akashusha kidole. "Irandu." Mikono kifuani. "Munru." Nikabonyeza. Mashine ikanguruma, mzee akapanda hewani taratibu, uso umetulia, vidole vimelala. Afisa akaanza kuandika.

"Nangu."

Nilidhani ni Mwanasiti. Nikamtazama, naye alikuwa ananitazama mimi. Tukageuka mlangoni pamoja. Bibi Rasamma alikuwa ameketi wima kwenye kiti chake, macho mbele, kama mtu aliyesimama mbele ya watoto wadogo thelathini. Sauti ilikuwa ya kukwaruza, lakini neno lilikuwa kamili.

"Aindu," akasema. "Aru."

"Rasamma," mzee akaita kutoka juu. Na kwenye saba akaingia naye, wakaenda pamoja, saba, nane, tisa, kumi, yeye hewani na mkewe mlangoni. Kalamu ya afisa ilikuwa imesimama. Ronald alikuwa anatazama dirisha. Mimi nilikuwa nimesahau kabisa kwamba nina rimoti mkononi.

"Mteremshe, Kerubo," Mwanasiti akasema, na ndiyo mara pekee niliyowahi kumsikia ananong'ona. "Mteremshe kwa mkewe."

Nikamteremsha. Afisa aliandika mstari mmoja kwamba hakuna sababu ya kumhamisha, akafunga jalada. Jioni, tukivaa makoti, nilimwona Mwanasiti ameinamia daftari jekundu kwenye ule ukurasa wa Kanagasabai. Chini kabisa, chini ya kan na kal na zile namba, alikuwa ameandika kwa herufi kubwa: "Waoane."